Vidole Vinne vya Yahaya

Yahaya tulimzika Jumanne baada ya adhuhuri, na siku ya hitima nikarudi nyumbani kwake pamoja na wengine. Nilikaa chumba cha mbele, mgongo ukutani, sahani ya pilau magotini, mahali palepale aliponikalisha kila Idi kwa miaka yote hii. Ukikaa pale, huna pengine pa kuangalia isipokuwa kabati la vyombo. Kabati lile limekalishwa juu ya vipande viwili vya chuma, kimoja kila upande, na vipande havilingani, kwa hiyo limelala kuelekea dirishani, na vikombe vya ndani vyote vimeteleza na kujibana kona moja kama watu wanaokinga mvua barazani. Kila Idi niliona, na kila Idi niliangalia sahani yangu. Safari hii Yahaya hakuwepo kuniangalia nikiangalia sahani. Nikatazama vile vyuma mpaka dua ikaisha. Kinene ni chake. Chembamba ni changu. Nilirudi nyumbani nikatafuta kaye zangu, madaftari ya zamani, maana mimi huandika kila siku mistari miwili mitatu tangu ujana, ingawa shule niliishia darasa la sita na sijui kama ninachoandika kinastahili karatasi. Nikaikuta ile ya mwaka wa vikwazo, mipaka ilipofungwa. Siku moja imeandikwa hivi: «Leo tumeshusha gari ya Mama Esperansi. Imelala. Kosa la vidole.» Vidole vya nani, sikuandika. Hata mle ndani, mahali ambapo hakuna mtu angesoma.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, haisaidii kitu hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa springi katika kiwanja kimoja cha Buyenzi, na Yahaya alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma, mwenye kunizidi miaka kumi. Kiwanja kilikuwa na mlango wa mabati, mafuta meusi yaliyoshikana na udongo mpaka ardhi ikawa kama ngozi, na nyuma kabisa chumba kimoja kisicho na dirisha tulichokuwa tunalia chakula humo. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Benchi la gari lililong'olewa ndilo lilikuwa kiti chetu, ngoma ya mafuta ndiyo meza, na ukutani kulining'inia kalenda tatu za miaka iliyopita ambazo Yahaya alikataa kuzitoa, alisema ile miaka ilikuwa na siku nzuri. Upande wa pili wa bati, ukuta huohuo, kulikuwa na mama aliyeuza maharagwe na ugali wa muhogo, na siku akipata, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Tulipitishiwa sahani kwenye tundu la bati. Na kwenye tundu hilohilo, pamoja na sahani, yalipita maneno.

Siku moja upande wa pili walikuwa wamekaa wanaume wawili wenye bunduki. Sikuwaona, bunduki nilizisikia tu zikiwekwa chini. Walikuwa wa upande gani sijui, na nataka kusema mapema kwamba mwaka ule magari yalichukuliwa na watu wa upande huu na wa upande ule, na wengine hawakuwa wa upande wowote. Mmoja alikuwa akilalamika. «Ile ya jana haina maana. Iko chini, tumbo inagusa mawe. Kilima kidogo tu, tukaisukuma sisi wenyewe.» Mwenzake akacheka mdomo ukiwa umejaa. «Si nilikuambia? Chef anataka zenye kusimama. Zenye miguu mirefu.» «Basi we uende ukapime miguu.» Wakaendelea na mambo ya pilipili. Mimi nilikuwa nimeshika tonge mkononi, na Yahaya naye alikuwa ameshika lake, tukaangaliana. Wakati ule pikapu ilikuwa ni kama kuku mnono: kila mwenye njaa anaiona. Yahaya akameza, akasema taratibu, «Umesikia, Rama. Wenye miguu mirefu.» Nikasema nimesikia. «Basi tumukate miguu.» «Nani?» «Pikapu ya Mama Esperansi, sha. Nani mwingine?»

Mama Esperansi alikuwa mjane wa Kanyosha, mwanamke mnene, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega tu, na gari yake ilikuwa pikapu ya Kijapani iliyozeeka, rangi ya maziwa yaliyoungua. Kabla ya vita mumewe alibebea viazi kutoka milimani. Sasa mume hayupo, njia ya milimani haipitiki, na yeye alichukua mikate alfajiri kwenye tanuri moja la mtaa wa Asiatique akaisambaza kwenye maduka ya Kinindo, halafu Kanyosha. Watoto wanne walikula kutoka kwenye gari ile, na dada yake, na watoto wa dada yake. Wiki ileile alikuwa ametuambia kwamba pale darajani, penye kizuizi, wenye bunduki wameiangalia gari yake mara mbili. «Wameizunguka,» alisema. «Mara ya tatu hawatazunguka, watapanda.» Tulipomweleza mawazo yetu alisikiliza amefumbata mikono. Akauliza, «Mukiishusha, itabeba?» Nikamjibu, «Mikate, ndiyo. Viazi, apana.» «Viazi vya wapi siku hizi, mwanangu. Mushushe. Lakini Jumamosi asubuhi niko nayo barabarani, mikate haingojei mutu.»

Hapa niseme jinsi kazi inavyofanyika, kwa sababu kosa liko ndani ya kazi. Springi za nyuma za pikapu ni vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, sisi tunaviita lame. Ukitoa baadhi, gari inashuka kidogo na kuwa laini, na kama unatoa nyingi mno inapiga tumbo kwenye kila jiwe. Mbele kuna fimbo mbili zilizojinyonga, ukizilegeza nati gari inainamisha kichwa. Lakini kushusha kwa kweli kunatoka kwenye kabari: kipande cha chuma unachokiweka kati ya lame na mti wa magurudumu, halafu unafunga yote pamoja kwa boliti zilizopinda mfano wa mkono wa ndoo. Kwenye gari ile lame ziko chini ya mti, kwa hiyo kabari ikiwa nene inazisukuma chini na gari inashuka zaidi. Wenye pesa na mipaka iliyo wazi huagiza kabari zikaja kwenye boksi. Sisi tulikuwa na kipande cha chuma cha tela iliyokufa, kinachotosha kabari mbili tu, na msumeno. Kwa mambo ya springi sijawahi kuwa na mashaka, wala siku ile sikuwa nayo. Nililala chini ya gari ile nikajua kwa kuigusa ni lame gani itoke na ipi ibaki. Mashaka yangu katika maisha yako kwingine.

Sasa, kiwanjani kwetu mita ilikuwa moja, na ilikatika kichwa, haina sentimita kumi na mbili za mwanzo. Kwa hiyo vitu vidogo tulipima kwa vidole, na kwa sababu vidole vya watu si sawa, kulikuwa na sheria ambayo nadhani haiko penginepo: kila gari ina mkono wake. Fundi wa kwanza kuiwekea vidole, huyo ndiye mkono wa gari ile mpaka itoke mlangoni. Mwingine anaweza kukata, kufunga, kupiga nyundo, lakini kupima, hapana. Tulikuwa tunaulizana hata asubuhi, «Hii mkono wa nani?» kama wengine wanavyouliza funguo iko wapi. Gari ya Mama Esperansi ilikuwa mkono wa Yahaya. Alisema kabari iwe vidole vinne, akavilaza juu ya chuma, akachora kwa chokaa. Tukakata ya kwanza, tukaifunga upande wake. Ilikuwa Ijumaa, jua limefika kichwani. Yahaya akanawa, akavaa kanzu, akaniambia twende msikitini. Nikamwambia tangulia, nakufuata.

Sikumfuata. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, aseme neno. Niliona chuma kimebaki pale kwenye jiwe, na msumeno bado una moto, na vidole vinne ni vidole vinne. Nikavilaza vyangu, nikachora, nikakata. Ningeweza kuingia chini ya gari na kijiti nipime kile cha kwanza kilichokwisha fungwa. Ilikuwa ni kuinama tu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuinama, na jibu la haki ni kwamba sikuona kuwa kuna kitu cha kuuliza. Nilikata kwa uzuri, kingo zimenyooka, nikafunga boliti, nikanawa mikono kama mtu aliyemaliza.

Yahaya alirudi, akavua kanzu akaikunja kama kawaida yake, mara nne, akaiweka juu ya benchi. Tukatoa jeki. Gari ikashuka, ikashuka vizuri, nikaanza kutabasamu, halafu upande mmoja ukaendelea kushuka baada ya mwingine kusimama. Ikalala. Si kulala kwa kuanguka, ni kulala kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kwa tako moja. Yahaya alizunguka nyuma, akachutama, akafumba jicho. «Nani alipima hii?» «Mi.» «Kwa mukono ya nani?» Nikauonyesha. Akaweka wake pembeni ya wangu, hewani, bila kugusana. Vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo midogo, miaka yote ile ya moto na chuma. Vyangu vilikuwa vya karani. Aliangalia mikono yetu miwili, halafu akasema, «Bon,» basi. Tukageuza kiwanja kizima kutafuta chuma kingine, hakuna. Kuipunguza ile nene kwa msumeno ingechukua mpaka Jumamosi jioni. Mama Esperansi alipokuja kuichukua aliisimamia kwa mbali. «Nilisema muishushe,» alisema, «sikusema muilaze.» Yahaya akamjibu, «Tutaiamusha Jumatatu, mama.» Hakusema kosa la nani. Mimi nilikuwa karibu naye, nami sikusema.

Asubuhi yake nilipanda na Mama Esperansi, nikae nisikilize springi. Mikate ilikuwa imejaa nyuma chini ya turubai, na harufu yake ya moto iliingia mbele tulipokaa, na kwenye kila shimo nilisikia boksi zikisogea upande mmoja, sss, halafu kimya. Tulimaliza Kinindo bila neno. Darajani, kabla ya Kanyosha, wakatusimamisha. Aliyetujia hakuwa mtu mbaya wa sura, wala wa maneno. Alisalimia. Akasema, «Shuka, mama. Tunaazima kidogo.» Mama Esperansi akashuka, nikashuka. Aliuweka mkono wake kwenye mlango wa gari na hakuutoa mpaka yule mtu alipoketi. Nilimwona midomo ikitembea. Yule akaondoa gari, akaipeleka kwenye mtaro wa pembeni ili aone itavukaje. Tumbo likakwaruza mawe, kelele ambayo mpaka leo nikiisikia meno yananiuma, na gari ikatoka upande wa pili imelala zaidi, mikate imehamia yote upande mmoja chini ya turubai kama tumbo la mjamzito aliyelala ubavu. Akazima. Akashuka akazunguka nyuma, akafumba jicho, akachutama palepale kama Yahaya.

«Mama,» akasema, «hii gari iko na ugonjwa ya mugongo.»

«Ego, ndiyo afande. Kama mimi.»

Wenzake wakacheka. Akauliza fundi ni nani, na Mama Esperansi akanionyesha kwa kidevu. Akaniangalia kuanzia viatu. «We. Ulisoma wapi?» «Sikusoma, afande.» «Inaonekana.» Wakacheka tena, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Aliomba mikate miwili. Aliomba, sikusema alichukua. Halafu akatupita akaenda kwa gari iliyokuwa nyuma yetu.

Ilikuwa pikapu ya bluu, miguu mirefu, nzuri, ya mwanamume muuza kabichi. Naye alisalimiwa vilevile, akaambiwa vilevile, shuka, tunaazima kidogo. Ile ilivuka mtaro mara moja. Walimpa karatasi ya kusema wameazima na kumsaidia kushusha kabichi zake, wakazipanga vizuri kando ya barabara, na gari ikaondoka. Mama Esperansi alikuwa ameshawasha. Alikwenda mita chache, akasimama, akarudi nyuma. «Pakia,» akaniambia. Nikamwambia, «Mama, haiwezi, nimetoa lame.» «Pakia, itaweza.» Tukapakia kabichi juu ya mikate, gari ikazama mpaka nikasikia mipira inagusa, na tukaenda Kanyosha polepole kama msafara wa maiti, sisi watatu mbele, yule mwanamume katikati, karatasi mkononi. Tukakaribia kwake. Hapo akauliza, bila kinyongo, anauliza tu, «Hii yenu ilivunjika lini?» Nikamjibu, «Jana.» Mama Esperansi aliangalia barabara. Gari ya bluu haikurudi, kwa ninavyojua. Nilimwona yule mtu miezi baadaye anasukuma baiskeli yenye kabichi, na nikavuka upande mwingine. Siwezi kusema tulimwibia. Siwezi kusema pia kwamba hatukuwa mbele yake kwenye foleni.

Mchana ule Mama Esperansi alituletea mikate minne ya jana na kopo la samaki, akaingia nasi katika kile chumba, mara yake ya kwanza, akakaa kwenye benchi likalia. Tulikula maharagwe kwa mkate badala ya ugali, jambo lililokuwa sherehe. Alimweleza Yahaya yote, mtaro, mgongo, lile «inaonekana», na mabega yake yakawa yanacheka peke yake, machozi yanatoka. Halafu akanigeukia. «Rama, mwanangu. Mulifanya makusudi?» Kulikuwa na mkate mdomoni mwangu. Ningeweza kuutafuna kwa muda na kufikiri. Niliumeza mzima nikasema, «Makusudi, mama. Ikishuka tu, wanaona ni ya mujini. Ikilala, wanaona ni kilema.» Maneno yalitoka mazuri, yamepangwa, mpaka mimi mwenyewe nikayasikiliza. Yahaya alichovya mkate wake kwenye mchuzi, akala, akachovya tena. Hakuniangalia. Mwishowe akasema, «Basi tusiiguse. Ibaki hivyo.» Na ikabaki hivyo.

Habari ilitembea. Kabla ya mwaka kwisha walikuja watu wanne wenye pikapu, mmoja baada ya mwingine, wanataka ishushwe «kama ya yule mama», na wote wanne walitaka pia ilale. Walimtafuta Rama. Yahaya alikaa pembeni akiunganisha vyuma vyake, nami nikapima kwa mkono wangu, kabari moja vidole vinne, nyingine vinne na nusu, kwa makusudi sasa. Ili niwe mkweli, mbili kati ya hizo zilichukuliwa zikiwa zimelala vilevile, kwa hiyo sijui hata kama ilikuwa dawa au bahati ya asubuhi moja. Lakini jina lilishika. Kwa jina lile nilipata wateja, kwa wateja nikapata kiwanja changu, na leo vijana wananiita mzee na wanaleta magari yao ya siku hizi niyashushe kwa ajili ya urembo tu. Ninafanya, na ninafanya vizuri. Kazi ninaijua. Ila kila mteja anayesifia akili yangu ya mwaka ule, ninamwona Yahaya anachovya mkate.

Juzi, hitima ilipokwisha na watu wakaondoka, nilibaki. Mama Saidi, mjane wake, alikuwa anakusanya sahani. Nikamwambia, «Mama Saidi, hii chuma nyembamba ni yangu. Mi ndiye nilipima, na haikuwa mukono yangu ya kupima. Sikufanya makusudi. Nilikosea.» Aliweka sahani chini. Nilidhani itabidi nieleze habari yote, daraja na mikate. Akasema, «Gari ya yule mama ilipokufa, Yahaya alienda akatoa hivyo vyuma yeye mwenyewe. Nilimuomba miaka yote avikate vilingane, vikombe vyangu vinavunjika. Anasema, apana, mwenye hiyo nyembamba atakuja kusema.» Akafuta mikono kwa kanga. «Umesema. Sasa unitengenezee kabati.»

Jana asubuhi nilikwenda kiwanjani kwangu kabla vijana hawajafika. Mita ninayo, nzima, ya chuma, hukaa mfukoni. Niliiacha mfukoni. Nikatafuta kipande kizuri, nikalaza vidole vyangu vinne juu yake, na nikaviangalia vilivyolala pale, vimevimba viungo, vimejaa makovu ya moto, vinene. Nikachora kwa chokaa, nikakata mara moja. Nilikipeleka kwa Mama Saidi, tukainua kabati pamoja, nikatoa chembamba nikaweka hicho mahali pake, upande wa pili wa kile cha Yahaya. Yeye akapanga vikombe katikati ya rafu, akafunga mlango, tukasimama kimya, tunasikiliza kama vitateleza. Havikuteleza.